Thaimasi, zinki na mtoto wa Singida: maswali na majibu

Tezi ya thaimasi hukaa nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Wengi hawajawahi kuisikia, lakini wafugaji wa Ikungi, Singida, wanaiona kila wanapochinja kuku. Ndiyo maana naanza na swali la mfugaji.

Daktari, nikinyonyoa tembe naona vipande vyeupe-vyeupe vimejipanga kandokando ya shingo kama shanga. Kuku anaumwa?

Hapana, ni mzima. Hiyo ndiyo thaimasi yake. Kwa kuku iko shingoni, vipande kama saba kila upande, vikifuata mshipa mkubwa wa damu. Kwa kuku mzee utavikuta vimenyauka. Hata sisi ni hivyo hivyo: thaimasi huwa kubwa utotoni, na kuanzia balehe husinyaa taratibu, nafasi yake ikachukuliwa na mafuta.

Inafanya kazi gani hasa?

Seli changa hutoka kwenye uboho wa mifupa na kuingia humo, zikajaribiwa kama zinaweza kumtambua adui bila kuudhuru mwili wenyewe. Zinazoshindwa, na ndizo nyingi mno, hufia humo humo. Zinazofaulu ndizo seli T za kinga. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba panya wachanga wakitolewa thaimasi kinga yao huporomoka. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliiona kama tezi isiyo na maana.

Tezi hii hutoa pia homoni za aina ya peptidi, yaani minyororo mifupi ya amino asidi. Mojawapo ni thaimulini, iliyotambuliwa Paris na Jean-François Bach na wenzake miaka ya 1970. Ni fupi sana, amino asidi tisa tu, na haifanyi kazi mpaka ishikane na zinki. Mtu aliyepungukiwa zinki anaweza kuwa na thaimulini kwenye damu na isimsaidie kitu.

Ugali wetu ni wa uwele na mtama. Zinki tunaipata?

Imo, ila imeshikwa na faiteti iliyo kwenye nafaka, hivyo utumbo unaambulia kidogo. Kuloweka nafaka, kuotesha kimea na kuchachusha, kama inavyofanyika kwenye togwa, hupunguza faiteti hiyo. Mtoto anayeshindia ugali na mlenda peke yake atapungukiwa. Linaloniuma ni matenga ya kuku yanayopakiwa kila siku kwenda Dodoma na Dar es Salaam, huku mtoto wa mfugaji akibaki na uji mtupu. Uzeni, lakini bakizeni maini, paja na mayai kwa ajili ya watoto. Dagaa na maharage navyo vinasaidia.

Mwanangu alilazwa kwa utapiamlo mkali. Sasa uzito umerudi. Nihesabu amepona?

Bado, mama. Utapiamlo mkali huisinyaza thaimasi vibaya sana. Huko Bolivia, miaka ya 1990, watafiti waliipima kwa ultrasound kwa watoto waliokuwa wakitibiwa. Uzito ulirudi ndani ya mwezi mmoja hivi, thaimasi ikachukua karibu miwili. Walioongezewa zinki, tezi yao iliwahi kurudi. Maana yake ni kwamba kuna wiki kadhaa ambapo mashavu yamejaa na mizani inapendeza, lakini kinga ya mtoto iko chini. Wiki hizo ndizo ambazo wazazi wengi huacha kliniki kwa sababu shamba linawasubiri. Nakuomba usiache. Mlaze ndani ya chandarua, kamilisha chanjo zake, na homa ikianza mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Zinki usimwongezee mwenyewe, kwa sababu chakula dawa anachopewa tayari kina zinki.

Na akiharisha?

Kama hayuko kwenye chakula dawa, ORS na vidonge vya zinki; kama yuko, muulize kwanza mhudumu wa kituo. Kuharisha kunamtoa zinki nyingi. Utafiti uliofanyika Tanzania na India kwa watoto 4,500, ukachapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa miligramu 5 au 10 kwa siku hazikupitwa na 20 katika kufupisha kuhara, na kutapika kulipungua. Fuata dozi uliyoandikiwa, uimalize hata choo kikishakuwa kigumu.

Mtandaoni wanauza sindano za thaimosini "za kupandisha kinga". Nijaribu?

Usijaribu. Thaimosini alfa 1 ni peptidi ya kweli, ya amino asidi 28, na baadhi ya nchi zimeiruhusu kutibu homa ya ini aina ya B. Lakini utafiti mkubwa wa China uliochapishwa mwaka 2025, kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 waliozidiwa na maambukizi makali mwilini, haukuona kuwa inapunguza vifo. Kwa mtu mzima asiyeumwa hakuna ushahidi wa kumfanya achomwe. Chupa inayonunuliwa kwenye simu hujui ndani kuna nini, wala ilihifadhiwa kwenye joto gani njiani. Dawa yoyote ya sindano ulizia kwanza kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na achome mhudumu wa afya, kituoni.