Plastiki Inayopitisha Ioni: Somo Kutoka Shinyanga na Geita

Maji ya baadhi ya visima vya Mkoa wa Shinyanga ni maangavu, hayana harufu wala ladha ya kutiliwa shaka. Hata hivyo yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekua kwa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia. Kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8, kwani kuvifunga visima vyote vya namna hiyo kungaliwaacha wananchi wengi bila maji. Ulimi hauwezi kutofautisha 1.5 na 8. Je, kipande cha plastiki chaweza?

Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa plastiki haipitishi umeme atashangaa. Lakini umeme wa waya huchukuliwa na elektroni, na ule wa maji ya chumvi huchukuliwa na ioni. PVC kavu, ile ya mabomba, haipitishi hata mojawapo. Ikichanganywa na mafuta ya kuilainisha, takriban sehemu moja ya PVC kwa mbili za mafuta, huwa utando laini kama mpira, na ioni huweza kutembea ndani yake. Humo hutiwa chumvi kidogo ambayo ioni yake chanya ni kubwa na hupenda mafuta kuliko maji. Ioni hiyo haitoki; mwenzake hasi ndiye abadilishanaye nafasi na ioni hasi za maji ya nje. Mchanganyiko huo ukiyeyushwa huwa wino, nao huchapwa kwa wavu juu ya mstari wa kaboni, kama maandishi yachapwavyo kwenye fulana.

Utando ukichovywa majini pamoja na elektrodi ya kulinganishia, volti hutokea. Kwa ioni yenye chaji moja, katika nyuzi 25 za Selsiasi, wingi wake ukiongezeka mara 10 volti hubadilika kwa milivolti 59. Kutoka 1.5 hadi 8 badiliko ni 59 × log 5.33, yaani milivolti 43, ambazo mita ya pH huzisoma bila taabu.

Ugumu uko kwingine: ni ioni ipi itakayokubali kuingia? Geita yatoa mfano mzuri. Huko wachimbaji wadogo huchenjua marudio yao katika matenki ya sayanaidi, na migodi mikubwa huchenjua mwamba uliosagwa kwa kemia ile ile:

4Au + 8NaCN + O₂ + 2H₂O → 4Na[Au(CN)₂] + 4NaOH

Ioni ya dhahabu, Au(CN)₂⁻, ina atomi 5 katika mstari mmoja, na chaji yake moja imetawanyika juu ya zote. Maji huishika kwa ulegevu, hivyo huingia katika mafuta ya plastiki kwa urahisi.

Floraidi ni kinyume chake. Nusukipenyo chake ni nanomita 0.133 tu, na molekuli za maji huing'ang'ania kwa nishati ya karibu kilojuli 500 kwa moli. Kuivua maji hayo ni kazi kubwa. Kloridi na nitreti hutangulia kuingia. Kwa sababu hiyo maabara hutegemea fuwele ya floraidi ya lanthani, iliyoletwa na Frant na Ross wa Marekani mwaka 1966, ambamo floraidi huruka kutoka pengo hadi pengo. Ni chombo bora, ila fuwele haichapwi kama wino.

Wanakemia wametafuta chambo. Atomi ya alumini au zirkoni hufungwa katikati ya pete ya porfirini, jamaa ya pete ibebayo chuma katika damu, kisha hutiwa katika utando. Metali hizo huvutia floraidi kwa nguvu. Kwa bahati mbaya huvutia haidroksidi pia, na maji yenye floraidi nyingi aghalabu ni ya kialkali. Ni lazima sampuli itiwe kwanza mmumunyo wa kudhibiti pH upande wa asidi. Anayechovya kipande hicho kisimani moja kwa moja huenda akasoma haidroksidi akidhani ni floraidi.