Taa ya Chaji Ikiwaka: Tupime Kwanza Kabla ya Kununua Betri

Kamati nyingi za usharika zimewahi kuletewa ombi la namna hii: "Gari halichaji, tunaomba fedha za betri mpya." Fedha hutolewa, betri hununuliwa, na baada ya wiki chache gari linasukumwa tena. Katika somo hili tunapenda kueleza namna ya kutafuta chanzo, ili sadaka za washarika na michango ya wafadhili isipotee kwa kubadilisha betri isiyo na kosa. Mfano wetu ni Land Rover 109 za zamani, ambazo zimebeba mabomba, saruji na wagonjwa kwa miaka mingi.

Taa inasema nini?

Taa nyekundu ya chaji imefungwa kati ya pande mbili: betri na mashine ya kuzalisha umeme. Katika Series II, iliyoanza 1958, mashine hiyo kwa kawaida ni dainamo. Katika Series III (1971 hadi 1985) ni alteneta. Ufunguo ukifunguliwa kabla ya kuwasha injini, umeme wa betri hupita kwenye balbu kwenda kwenye mashine, na taa huwaka. Injini ikishawaka, mashine nayo huleta umeme. Pande mbili zikilingana, taa huzimika. Kwa hiyo taa ikiwaka safarini inatuambia kwamba mashine haileti umeme wa kutosha. Haisemi kwamba betri imekufa.

Hatua za uchunguzi

1. Fungueni ufunguo bila kuwasha injini. Taa lazima iwake. Isipowaka, kagueni balbu na waya zake. Katika alteneta nyingi za zamani, umeme unaopita kwenye balbu hiyo ndio unaoiamsha alteneta. Balbu ndogo ikiungua, alteneta nzima inaweza kukataa kuchaji.

2. Injini ikiwa imezimwa, kagueni mkanda wa feni. Ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba, uingie kama sentimita 1. Mkanda huohuo huzungusha pampu ya maji. Taa ikiwaka ghafla safarini, dereva asimame na kuangalia. Mkanda ukiwa umekatika asiendelee, maana injini itachemka.

3. Safisheni vichwa vya betri na kukaza nati zake, pamoja na waya wa athi unaokwenda kwenye chesisi na injini.

4. Pimeni betri kwa mita. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6. Injini ikiunguruma kwa mwendo wa kati, isome takribani 13.8 hadi 14.4. Isipopanda, fundi akague kaboni na kidhibiti umeme. Ikizidi 15, kidhibiti ndicho kibovu, na betri mpya nayo itaharibika. Kipimo kikiwa sawa lakini betri haifiki asubuhi na umeme wake, hapo ndipo betri yenyewe ishukiwe.

Kwa gari lenye dainamo, taa kumeremeta kidogo injini ikiwa polepole si ajabu, mradi izimike mafuta yakikanyagwa.

Tahadhari

Wapo wanaojaribu alteneta kwa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiunguruma. Msiruhusu. Umeme hupanda ghafla na unaweza kuunguza dayodi za alteneta.

Madereva wa dizeli wawe macho zaidi. Injini za dizeli za zamani huendelea kuunguruma hata bila chaji, hivyo ni rahisi kuipuuza taa. Usiku taa za mbele zitafifia, na gari likizimwa zahanati, starta haitazunguka. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda hospitali atabaki hapo.

Kamati zifanye nini?

Tunashauri kila usharika wenye gari uwe na mita ndogo ya umeme. Bei yake ni ndogo kuliko ya betri. Kila ombi la betri liambatane na vipimo viwili, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inaunguruma, vilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari pamoja na tarehe. Mjumbe asiye fundi ataweza kuuliza swali sahihi kabla ya kuidhinisha malipo, na mfadhili akisoma taarifa ataona kwa nini fedha ilitumika.