Kupiga Picha Jengo Lililoachwa Kando ya Barabara

Ukisafiri kutoka Segera kwenda Tanga utaona kando ya barabara mabaki ya enzi za mkonge: maghala, ofisi na nyumba za manamba zilizopangwa mstari. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukaja kuwa zao kubwa la kuuza nje. Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni bei ikaanguka, mashamba mengi yakafifia, majengo yakabaki. Likizo iliyopita tulikwenda kuyapiga picha kwa simu zetu. Picha za siku ya kwanza zilifanana zote: paa lililotoboka katikati, anga jeupe juu, basi.

Kosa la kwanza lilikuwa saa. Tulifika saa sita mchana, jua likiwa utosini, na kivuli cha paa kikafunika nusu ya ukuta. Ukuta wa zamani husomeka mwanga ukiupitia kwa ubavu, yaani saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Hapo kila ufa na kila tofali huonekana. Tena tuangalie majira. Kwetu huku, kusini kidogo ya ikweta, mwezi wa sita jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita kusini. Ukuta unaotazama kusini, uliokosa jua mwezi wa sita, utalipata Desemba. Kwa hiyo wakati mwingine dawa ni kusubiri miezi sita!

La pili ni kusimama. Tukisogea karibu na kuinua simu ili paa lienee, kuta huonekana kama zinaangukia nyuma. Jengo limeinama lenyewe vya kutosha, tusiliongezee. Turudi nyuma, simu iwe wima. Lami itaingia chini ya picha, na iingie, kwa kuwa barabara ndiyo iliyolifanya jengo lijengwe pale. (Tusirudi nyuma mpaka katikati ya lami; malori ya njia ile hayana subira. Na kabla ya kuingia ndani, tusikilize kama kuna nyuki.)

Sasa tuje kwenye lililotusumbua zaidi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 39, anataja mambo matatu ya uzuri: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Ghala lisilo na paa limekosa la kwanza. Je, tuna haki gani ya kuiita picha yake nzuri? Tulibishana sana, hadi mmoja wetu akaturudisha kwenye ibara ileile: taswira huitwa nzuri ikiwakilisha kitu kikamilifu, hata kama kitu chenyewe ni kibaya. Tukaona tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Jioni tulipiga safu ya nyumba za manamba. Mwishoni mwa safu palikuwa na mkeka wa muhogo uliokuwa ukikaushwa, na kamba ya nguo. Tukapiga goti, tukasogea kushoto, mpaka vyote viwili vikatoka kwenye picha. Bibi mmoja akatoka ndani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, akaomba kuona. Akaitazama simu kwa muda, kisha akauliza, "Wajukuu zangu, mbona mmeniondoa? Watu watasema hapa hapakai mtu."

Picha ilikuwa na uwiano na mwanga mzuri, lakini ilikuwa ya uongo, na tulikuwa tumeitengeneza hivyo kwa makusudi. Tukamwomba ruhusa, tukapiga upya kutoka mbali, muhogo ukiwa mbele na milango yote saba nyuma yake. Kusema kweli, ile ya kwanza bado inapendeza zaidi machoni. Tumeifuta.

Wanaotaka kuendelea wamtazame William Christenberry wa Marekani, aliyerudi mwaka baada ya mwaka katika wilaya ya Hale, Alabama, kuyapiga picha majengo yaleyale kando ya barabara, akianza na kamera ndogo ya kawaida ya Brownie. Picha zake zikipangwa pamoja, unaliona jengo likizeeka hadi linatoweka. Nasi tumeandika tarehe na saa, na tumeweka jiwe pale tuliposimama. Desemba tunarudi, na bibi ametuagiza tumpelekee picha yake ikiwa imesafishwa, si ya kwenye simu.