SOMO LETU: Benki Zikiungana, Mwenye Duka Anapata Nini?



Wengi wetu husema mambo ya benki ni ya matajiri. Lakini tazameni duka lililo karibu na lango la kiwanda au kambi ya shamba la chai. Mwenye duka hutukopesha unga na sukari mpaka siku ya mshahara. Yeye naye hununua mali kwa mkopo. Akiukosa, sisi ndio tunaolala njaa.

Kwanza, muungano ni nini? Benki mbili huwa moja, au moja huimeza nyingine. Hapa Uganda, Oktoba 2016 Benki Kuu iliichukua Crane Bank iliyopungukiwa mtaji, na Januari 2017 ikaikabidhi kwa dfcu. Kule Kongo, mwaka 2020 Equity ilinunua hisa nyingi za BCDC, benki iliyoanzishwa 1909, ikazaliwa Equity BCDC.

Pili, mkopo mdogo hupunguaje? Mwenye duka hana hati ya ardhi wala hesabu zilizokaguliwa. Hukopeshwa kwa kuwa meneja wa tawi anamjua. Baada ya muungano, mara nyingi uamuzi huhamia makao makuu, na matawi mawili ya mtaa mmoja hufanywa moja. Makao makuu husoma karatasi, hayamjui mtu.

Marekani ilikuwa na benki zaidi ya 14,000 mwaka 1984. Leo hazifiki 5,000. Wachunguzi wa huko wameona kwamba benki kubwa zilizoungana hupunguza mikopo midogo. Benki nyingine za jirani huziba sehemu ya pengo. Lakini tawi likifungwa, biashara ndogo za hapo huumia kwa miaka kadhaa.

Tusidanganyane: muungano una faida pia. Benki dhaifu ikianguka, akiba za watu huwa hatarini. Kubwa yenye mtaji huweza kuziokoa.

Tatu, tufanye nini?

1. Deni halifi na benki. Endelea kulipa, tunza mkataba na stakabadhi, na usitie sahihi masharti mapya kabla ya kuyaelewa.
2. Mwenye biashara aandike mauzo kila siku. Daftari litamsemea mbele ya asiyemjua.
3. Tuimarishe chama chetu cha akiba na mikopo, ambamo mkopeshaji na mkopaji wanajuana.

Maswali ya kujadili tawini: Duka letu hukopa wapi? Tawi hilo likifungwa, lipo jingine karibu?