Faili Mbili, Hesabu Moja: Kompyuta Zikigongana Kikundi Kifanye Nini?



Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi vikundi vingi vimelitoa daftari mezani na kuliweka ndani ya kompyuta. Ni jambo jema. Lakini daftari la karatasi lilikuwa moja tu: likiwa kwa katibu, mweka hazina hana. Faili ya kompyuta yaweza kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo shida mpya inapoingia. Mwanachama ametoa pesa zake, risiti anayo mkononi, lakini kwenye kompyuta jina lake halina kitu. Watu wanaanza kuangaliana vibaya. Kumbe hakuna aliyeiba. Ni faili mbili zimegongana.

LENGO LA SOMO: Tukimaliza, kikundi kiweze (a) kutambua faili zilizogongana, (b) kuzipatanisha bila kupoteza mchango wa mtu yeyote, na (c) kuweka kanuni ya kuzuia jambo hilo lisirudi.

1. MGONGANO UNATOKA WAPI?

Tuseme kikundi chetu kina kompyuta mbili, moja kwa katibu na nyingine kwa mweka hazina. Kila moja ina folda ya kikundi, na ndani yake kuna faili ya akiba. Tumeweka programu ya kusawazisha, ambayo kazi yake ni kuhakikisha folda hizi mbili zinafanana. Katibu akiandika kitu, kinafika kwa mweka hazina. Mweka hazina akiandika, kinafika kwa katibu.

Programu inajuaje ni nani aliyeandika? Inakumbuka jinsi faili ilivyokuwa mara ya mwisho pande zote mbili zilipolingana. Halafu inaangalia mambo matatu:

- Kama hakuna upande uliobadilika, hakuna kazi.
- Kama upande mmoja tu umebadilika, unapelekwa kwa upande wa pili.
- Kama pande zote mbili zimebadilika kabla ya kuonana, huo ndio mgongano.

Angalieni hilo la tatu. Ijumaa katibu anaandika michango mkutanoni, lakini bando zimeisha. Jumamosi mweka hazina anaandika yake nyumbani. Jumapili mtandao unarudi, kompyuta zinaonana, na kila moja ina habari ambayo mwenzake hana. Hakuna aliyekosea kuandika. Kila mmoja aliandika kwenye nakala yake bila kuona ya mwenzake.

2. PROGRAMU HUFANYA NINI HAPO?

Programu nzuri haitupi faili hata moja. Dropbox huacha faili moja na jina lake, na ile ya pili huongezewa maneno "conflicted copy" pamoja na tarehe. Syncthing huongeza neno "sync-conflict" na tarehe na saa, na kwa kawaida ile iliyobadilishwa mapema ndiyo inayopewa jina hilo. Unison, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, haigusi upande wowote mpaka mtu achague.

Mkiona jina la namna hiyo ndani ya folda yenu, msilipite. Na msilifute eti ni takataka. Ndani yake mna pesa za watu.

Wale wanaobeba faili kwa flashi wawe macho zaidi. Flashi haina kumbukumbu ya yaliyopita. Mkinakili faili juu ya nyingine yenye jina lile lile, kompyuta itauliza tu kama ibadilishe. Ukikubali, ile ya zamani imekwenda, na yote yaliyokuwa ndani yake.

3. "SI TUCHUKUE TU ILE MPYA?"

Wengi wanasema hivyo. Wacha tufanye hesabu tuone.

Mara ya mwisho faili zilipolingana, akiba ilikuwa shilingi 84,000.

Faili ya katibu iliongeza:
- Risiti 231, mwanachama namba 14: 500
- Risiti 232, mwanachama namba 9: 500
- Risiti 233, mwanachama namba 21: 1,000
Jumla ya katibu: 86,000.

Faili ya mweka hazina iliongeza:
- Risiti 231, mwanachama namba 14: 500
- M-Pesa kutoka kwa mwanachama namba 30: 2,000
- Ada ya benki, kutoa: 120
Jumla ya mweka hazina: 86,380.

Faili ya mweka hazina ndiyo mpya. Tukiichukua hiyo na kufuta ya katibu, wanachama namba 9 na namba 21 wamepoteza shilingi 1,500. Mwisho wa mwaka watakapogawiwa, watapata pungufu, na nani atawaamini?

Tukisema basi tuunganishe mistari yote, tutapata 88,380. Hapo tumemhesabia namba 14 mara mbili, kwa maana risiti 231 iko kwa wote wawili. Kikundi kitatafuta shilingi 500 ambazo hazijawahi kuwepo.

Jibu la kweli ni kuanza na 84,000 na kuandika kila jambo mara moja tu: ongeza 500, 500, 1,000 na 2,000, kisha toa 120. Jumla ni 87,880.

Mmeona? Faili mpya ilikosea, faili ya zamani ilikosea, na kuzirundika pamoja pia ni kosa. Ukweli ulikuwa umegawanyika nusu huku na nusu kule.

Isitoshe, hata neno "mpya" lategemea saa ya kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo inayotunza saa. Ikifa, saa yaweza kurudi nyuma miaka mingi, na faili ya leo ikaonekana kuukuu. Kwa hivyo tarehe ni msaada tu, si hakimu.

4. HATUA SITA ZA KUPATANISHA

Hatua ya 1: Simameni. Wote wawili wafunge faili. Mtu asiandike wala asifute kitu.

Hatua ya 2: Nakilini faili zote mbili mahali pengine, nje ya folda inayosawazishwa. Flashi inatosha. Zipeni majina yanayoeleweka: "akiba-katibu" na "akiba-mweka-hazina". Kama mna nakala ya siku ya mwisho mlipolingana, iwekeni pia na muiite "akiba-msingi". Hiyo ni ya thamani sana, maana inaonyesha kila mmoja alianzia wapi.

Hatua ya 3: Keteni pamoja, katibu, mweka hazina na mwanachama mmoja asiye na cheo. Kitabu cha risiti kiwe mezani, na jumbe za M-Pesa ziwe tayari. Mmoja asome mstari kwa mstari, mwingine atie alama.

Hatua ya 4: Anzeni na akiba-msingi. Andikeni kila risiti mara moja tu. Namba ya risiti ndiyo kitambulisho cha mstari. Kwa M-Pesa, tumieni ile namba ya kumbukumbu iliyo ndani ya ujumbe, kwani kila malipo yana yake. Kama hamna akiba-msingi, anzeni na mistari ambayo faili zote mbili zinakubaliana.

Hatua ya 5: Jumla ifanywe upya. Msinakili jumla ya zamani kutoka upande wowote. Kisha ilinganisheni na pesa zilizo benki na zilizo kwenye sanduku. Zisipolingana, kazi haijaisha.

Hatua ya 6: Faili iliyopatanishwa iwekwe kwenye folda ya kikundi kwa jina lake la kawaida. Ile yenye jina la mgongano iondolewe kwenye folda, lakini nakala zilizo kwenye flashi zitunzwe mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe. Sawazisheni, halafu fungueni faili kwenye kompyuta zote mbili. Jumla iwe ile ile huku na kule.

Je, mstari mmoja ukitofautiana? Katibu ameandika risiti 240 ni shilingi 500, mweka hazina ameandika 5,000. Hapo kompyuta haiwezi kusaidia, na cheo pia hakisaidii. Fungueni kitabu cha risiti na mwite mwenye pesa. Mwenyekiti akiamua kwa sababu yeye ni mwenyekiti, mmefunga mdomo wa mtu lakini hamjapata ukweli. Mkishajua, andikeni kwenye kumbukumbu za mkutano mlichobadilisha na kwa nini.

5. KUZUIA NI BORA KULIKO KUPATANISHA

Kalamu moja. Kubalianeni ni nani anayeandika kwenye faili ya akiba. Mwingine afungue kusoma tu. Kama ni lazima wote waandike, wapeane zamu, na anayeanza amjulishe mwenzake kwa simu.

Sawazisha kabla, sawazisha baada. Kabla ya kufungua faili, ngoja programu imalize kupokea. Ukishafunga, ngoja imalize kupeleka ndipo uzime kompyuta. Kuzima haraka haraka ndiko kunakozaa migongano mingi.

Gawanyeni faili. Katibu awe na faili yake ya mahudhurio na kumbukumbu, mweka hazina awe na ya pesa. Au kila mkutano uwe na faili yake yenye tarehe kwenye jina. Watu wawili wakiandika kwenye faili mbili tofauti, hakuna cha kugongana.

Msifute mstari. Mkikosea, ongezeni mstari wa kusahihisha. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwenye daftari la kalamu, na bado ni sawa.

Rekebisheni saa ya kompyuta zote mbili, tarehe na mwaka pia.

Na kusawazisha si akiba ya nakala. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, kufuta huko nako kwaweza kusafiri mpaka kompyuta ya pili. Kwa hivyo kila mwezi wekeni nakala kwenye flashi inayokaa kwa mtu wa tatu, na mchapishe ukurasa wa jumla kwenye karatasi, wanachama waone na kutia sahihi.

6. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni watu wangapi wanaoweza kuandika kwenye faili ya pesa? Je, ni lazima wote?
2. Kama faili zingegongana leo, je, tuna kitabu cha risiti kinachotosha kutuonyesha ukweli?
3. Mara ya mwisho tulipotofautiana juu ya hesabu, tulimwuliza mwenye pesa au tulimfuata mwenye cheo?
4. Ni nani atakayetunza flashi ya kila mwezi?

ZOEZI: Mpeni katibu na mweka hazina karatasi mbili zenye orodha ile ile ya michango mitano. Kila mmoja aende pembeni aongeze mitatu, na mmoja wa hiyo mitatu uwe na risiti moja kwa wote wawili. Kisha kikundi kizima kiwasaidie kupata orodha moja ya kweli. Orodha sahihi itakuwa na mistari kumi. Mkipata kumi na moja, mmemhesabia mtu mara mbili. Mkipata minane, kuna watu wawili hapo kikundini ambao pesa zao mmezisahau. Waulizeni wanajisikiaje.

Kompyuta inaweza kuwaambia kwamba faili mbili hazipatani. Haiwezi kuwaambia nani alilipa. Hiyo kazi ni yenu, na risiti mezani.