Kihisio cha joto: nunua kipi, ukifunge wapi

Mfumo wa maji moto wa hoteli, wenye paneli za jua juu ya paa na boila ya dizeli ya kusaidia, unaendeshwa na namba chache: joto la paneli, joto la tangi, joto la maji yanayorudi kutoka vyumbani. Namba hizo zikidanganya, boila inachoma dizeli jua likiwa utosini. Kwenye kazi zangu za Arusha na Moshi, mwongo ninayemkuta mara nyingi ni kihisio kilichofungwa kwa tepu nje ya bomba. Hicho hupima bomba na upepo kwa pamoja. Kihisio kiingie ndani.

Kiingie ndani, lakini kisiguse maji. Nunua na ala yake, yaani kijibomba kilichozibwa ncha, kinachokazwa kwenye tii kwa tredi ya nusu inchi. Kihisio unakichomeka humo. Siku kikifa unakichomoa bila kumwaga tangi. Mafundi wengine huiruka ala ili kupunguza gharama. Hoteli ikijaa wageni ndipo mwenye mali hujua alichookoa. Kama maji ni ya kisima chenye chumvi, chukua ala ya stenlesi.

Kuhusu aina, mimi nimetulia kwenye Pt1000, kihisio cha platinamu ambacho ukinzani wake wa umeme hupanda na joto. Ina omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri na huongezeka karibu omu 3.85 kwa kila nyuzi. Pt100 huongezeka omu 0.385 tu, na hapo waya unakuwa adui: waya wa nusu milimita mraba wa mita 15, kwenda na kurudi, una takribani omu 1. Kwa Pt100 ya waya mbili, hilo ni kosa la nyuzi 2.6, kwa Pt1000 ni robo nyuzi. DS18B20, kihisio cha kidijitali, ni rahisi na inatosha kwenye tangi, ila mwisho wake ni nyuzi 125. Pampu ikisimama mchana wa jua kali, paneli inaweza kupita hapo. Juu ya paa, hata waya uwe wa silikoni. Wa plastiki ya kawaida huyeyuka.

Mahali ndipo penye kazi. Ncha ya ala ifike katikati ya bomba, maji yanapopita kwa nguvu. Bomba la inchi moja ni jembamba mno kwa ala iliyoingia kwa ubavu, kwa hiyo natoa elbo, naweka tii, na ala inaingia kwa urefu wa bomba ikitazama maji yanakotoka. Usiifunge karibu na maungio ya maji ya moto na ya baridi, kwa kuwa hayajachanganyika bado. Paka grisi ya kupitisha joto ndani ya ala, maana hewa iliyobaki humo huchelewesha kipimo. Halafu funika kichwa cha ala kwa sponji ile ile ya bomba. Waya wa kihisio usilale pamoja na waya wa umeme wa pampu.

Pampu ya paneli huwashwa kwa tofauti ya nyuzi chache tu kati ya vihisio viwili, cha paneli na cha tangi, kwa hiyo kulingana kwao kuna uzito kuliko usahihi wa kimoja. Kabla fundi hajavifunga, mwambie avitumbukize vyote kwenye sufuria moja ya maji ya moto, akoroge, akuonyeshe namba. Vikipishana zaidi ya nyuzi moja, virudishwe dukani.