Fundi, huo waya unaoushika kwa meno ni risasi

Leo siongelei bei wala mtaji, naongelea mikono yetu. Linatuhusu sisi wa simu, redio na sola, hasa kama una mtoto anayeshinda dukani.

Ufundi nilijifunza kwa kukaa pembeni ya fundi mmoja pale Ngarenaro. Alikuwa anashika waya wa kuchomea kwa meno ili mkono mmoja ushike pasi na mwingine bodi. Na mimi nikaiga. Miaka miwili nashika waya kwa meno, chipsi zikija nakula hapohapo mezani. Waya wenyewe tunauita "risasi" kila siku, ila sikuwahi kufikiri kwamba jina ni la kweli. Siku moja nikasoma rola: Sn60 Pb40. Sn ni bati, Pb ni risasi. Yaani kwenye gramu 100 za waya, 40 ni risasi tupu.

Wengi tunakosea kwenye moshi. Tunaupuliza pembeni, tunadhani tumemaliza. Ule moshi ni wa flaksi, na kweli unaumiza kifua na unaweza kukuletea pumu, kwa hiyo weka feni na fungua dirisha. Ila risasi haipandi na moshi kirahisi. Waya huo unayeyuka kwenye nyuzi joto 183 hadi 190 hivi, na hata pasi ukiiweka 350, risasi haitoi mvuke wa maana. Inapita vidoleni, mezani, kwenye vumbi la bodi, halafu mdomoni. Sabuni kabla ya kula inakusaidia kuliko barakoa ya kitambaa. Na meza ifute kwa kitambaa kibichi, usifagie kavu.

Kwa mtoto ni mbaya zaidi. Akimeza kiasi kilekile na wewe, mwili wake unaweza kufyonza mara 4 hadi 5 yako, na inagusa ubongo ambao bado unakua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Sisi wa Meru tumezoea floridi ya maji yetu, unaiona kwenye meno mtu akicheka. Risasi haikuonyeshi kitu. Mtoto anaumwa tumbo, anakuwa mzito darasani, mzazi anasema mvivu. Kipimo cha damu ndicho kinajibu. Mwanangu ana miaka mitatu na alikuwa anachezea vipande vya waya chini ya meza yangu. Nimemtoa, na shati la kazi linalala dukani.

Lakini waya ni mdogo. Mzigo mkubwa ni betri za sola na gari, maana ndani ni sahani za risasi. Wateja wa Ngaramtoni na Oldonyo Sambu wanaleta zilizokufa, na kijana wa skrepa anataka aivunje kwa nyundo, amwage maji ya betri mtaroni. Mitaro ya mjini inaishia mito kama Themi na Naura, na huko chini watu wanamwagilia mboga tunazokula.

Mnaodhani natisha watu, angalieni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilijengwa ubavuni mwa makazi ya watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wake. Mtoto wake mchanga akaugua, damu ikapimwa, ikakutwa risasi. Alipambana mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wananchi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024. Miaka yote hiyo sababu ni betri!

Kuhusu waya, upo usio na risasi. Ulaya ilizuia risasi kwenye vifaa vingi vipya tangu Julai 2006, ndiyo maana bodi za simu za sasa zinataka joto zaidi. Waya huo una bei na unasumbua kushika, siwadanganyi. Natumia kwenye simu, redio za zamani bado nachomea ule wa kawaida, kwa mikono sio kwa meno. TV za chogo sivunji kabisa, kioo chake nacho kina risasi.

Betri iliyokufa nainunua nzima, naiweka kwenye beseni la plastiki mbali na mtoto, nauza nzima. Anayetaka nimwage maji ili ipungue uzito namwambia aende duka lingine.